Mistari ya Chaki Chini ya Boneti

Nilipohamishiwa Same nikiwa muuguzi kijana, kituo chetu cha afya kilikuwa na gari moja la dizeli, kuukuu, na dereva mmoja. Wote wawili walinitangulia kazini kwa miaka mingi.

Dereva alikuwa mtu wa Tabora. Alikuja huku tambarare akiwa kijana, kukata mkonge, kama walivyokuja wengi kutoka kila pembe ya nchi, ila hakukaa sana na panga. Walimhamishia kwenye korona, ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Huko alianza kwa kupaka grisi, akaishia kuwa mtu wa injini. Baadaye akaoa huku huku, mwanamke wa milimani, akaacha mkonge na kuajiriwa kituoni. Alikuwa mfupi, si msemaji, na Chasu chake, ile lugha ya Wapare wa huku, kilikuwa kibovu kiasi kwamba wakwe zake walikicheka mbele yake. Alicheka nao, kisha akaendelea kukisema.

Miaka ile hakuna kitu kilichopatikana bila kukitafuta. Sabuni ilikuwa habari ya kuambizana mlango kwa mlango. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mpaka tukasahau rangi ya ugali. Oili ya gari ilitoka kwa kibali cha mkoani, Moshi, na kibali kilipotoka mara nyingi oili haikuwepo, na oili ilipokuja kibali kilikuwa kimepitwa na wakati. Magari ya ofisi nyingine yalikaa juu ya mawe, kuku wakilala ndani. La kwetu lilitembea, na mimi niliona ni bahati tu.

Siku moja nilimkuta dereva amefunua boneti, ameshika kipande cha chaki, anachora upande wa ndani wa lile bati. Kulikuwa na mistari mingi: mingine mirefu, mingine mifupi, na pembeni nukta nyingi.

"Unachora nini?" nilimuuliza.

"Nahesabu oili, sista. Geji ya maili ilikufa kabla hujaja. Mstari mrefu ni safari ya mlimani. Mfupi ni ya tambarare, kama tulivyokwenda Mwanga juzi."

"Na hizi nukta?"

"Hizo ni zile za kwenda posta na kurudi."

Nilicheka. "Hata posta unaihesabu? Si hapo tu?"

"Hizo ndizo mbaya," alisema. "Injini haijapata moto sawasawa, umeshaizima. Unyevu unabaki ndani ya oili. Nukta tano nazihesabu kama mstari mmoja mfupi."

Alinieleza kwamba mistari ikifika idadi fulani ni lazima kumwaga oili yote na kutia mpya. Nilimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza habari isiyomhusu. Kichwani nilikuwa na chanjo, dawa za minyoo na ripoti ya mwezi.

Kila mwezi tulikuwa na kliniki ya mkoba Myamba. Tulipita tambarare ya Kisiwani, kwenye vumbi jekundu lililoingia mpaka ndani ya soksi, halafu tukaanza kupanda. Mwezi mmoja, asubuhi ya safari, nilimkuta dereva amesimama mbele ya gari, boneti iko wazi.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, sista. Leo tusiende."

"Kwa nini?"

"Mistari imepita. Oili ilitakiwa imwagwe tangu wiki iliyopita. Kibali bado hakijarudi."

"Ndani ya injini oili ipo au haipo?"

"Ipo. Nimeongeza na ile kidogo iliyobaki stoo. Lakini imechoka. Mlima wa Myamba utaishinda."

Nilikuwa na sanduku la chanjo miguuni, barafu ikiwa imeshaanza kuyeyuka. "Kina mama wameambiwa ni leo," nilisema. "Watatoka kila kitongoji na watoto migongoni. Nani atakwenda kuwaambia tunasubiri karatasi ya Moshi?"

Alinitazama, akafunga boneti taratibu. "Nitaendesha. Ila taa ya oili ikiwaka nitazima injini, hata kama ni katikati ya kona. Hapo usiniambie nisogee mbele kidogo."

"Sawa," nilisema, bila kujua nimekubali nini.

Tulipita Kisiwani salama. Tukaanza kupanda. Kwenye kona kama ya nne, injini ikinguruma kwa gia ndogo, nikaona mbele yake kitaa chekundu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona. Kabla sijamaliza kuuliza ni nini, alikuwa ameshazima. Alivuta hendibreki, akashuka, akaweka mawe chini ya matairi.

Juu yetu, si mbali, niliona paa la nyumba. "Tusogee mpaka pale tu," nilisema. "Ni hatua chache."

"Tulikubaliana, sista."

Alitoa sanduku la chanjo, akakunja shati lake kuwa ngata, akajitwika. Mimi nikabeba mizani na kadi. Tulipanda kwa miguu, nadhani saa mbili au zaidi, yeye mbele akiwa na fulana tu, akisimama kila baada ya muda kunisubiri na kugusa barafu kama bado ipo. Nilikuwa na hasira. Nilijiambia kwamba ameifanya makusudi ili anionyeshe.

Tulikuta kina mama bado wapo. Wengine walikuwa wameshaanza kufunga kanga za kuondoka. Dereva alitundika mizani kwenye boriti ya ghala la ushirika, akapima watoto mmoja mmoja na kunisomea uzito kwa sauti, nami nikachanja. Mtoto aliyepiga kelele zaidi alimchekesha kwa Chasu chake kile, na kina mama wakacheka kuliko mtoto. Barafu ilikuwa imebaki kipande kisichozidi ngumi tulipomaliza wa mwisho. Tulipewa makande, akala akiwa amesimama, akaaga.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye mkonge. Wenzangu wa korona hawajanisahau."

Aliteremka peke yake mchana ule. Mimi nililala kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Asubuhi nilishuka na wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni, nikamkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana. Pembeni kulikuwa na dumu la oili alilolibeba kichwani tangu shambani. Alikuwa amepanda nalo alfajiri.

"Walikupa bure?" nilimuuliza.

"Waliniuliza ya nini. Nikawaambia ya kupeleka chanjo za watoto. Mmoja wao mkewe ana mimba."

Alitokeza akiwa na karai lenye oili aliyoimwaga. "Gusa," aliniambia. Nilitia kidole. Ilikuwa nyeusi, ikachuruzika upesi kama chai. Kisha akanipa ile ya kwenye dumu. Hii ilikaa kwenye kidole, nzito, haikutaka kuondoka.

"Kwa hiyo weusi ndio unaoonyesha imekufa?" niliuliza.

"Hapana. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya kutiwa. Weusi ni kwamba inafanya kazi, inabeba masizi. Tazama uzito. Sugua, usikie kama kuna mchanga. Nusa kama kuna dizeli. Ukiiona ina rangi ya maziwa, hapo maji yameingia, usiwashe kabisa."

Alijaza mpya, akapima kwa kile kijiti chembamba cha chuma, akakifuta kwa kitambaa, akapima tena. Alipowasha, kile kitaa chekundu kiliwaka, kikakaa kidogo, kikazimika. Alishusha pumzi.

"Hii taa haikuambii oili ni nzuri," alisema. "Inakuambia tu kwamba inafika inakotakiwa kufika. Ni kama wewe unavyoshika mkono wa mgonjwa kusikiliza mapigo. Mapigo yakipotea hungoji ufike kwenye nyumba ya mbele."

Ile oili chafu hakuimwaga kwenye mfereji. Aliipeleka kwenye ile nyumba ya juu yetu, wakapakaze nguzo za zizi kuzuia mchwa.

Tuliporudi Same nilijua nina deni la maneno. Dereva alikuwa ameshamwambia mganga mkuu wa kituo kwamba tulisimama mlimani kubadilisha oili, basi. Hakunitaja. Nilikwenda mwenyewe ofisini nikasema nilionywa na sikusikia. Mganga mkuu akaniuliza, "Unajua injini ingekwama, Myamba wangekaa mwaka mzima bila chanjo?" Nilipotoka nilimkuta dereva anaosha gari, nikamwomba anifundishe.

Alinifundisha kweli, na bila kunionea haya. Kila Ijumaa jioni nilipima oili mbele yake, gari likiwa mahali palipo sawa na injini imetulia. Nikikosea alinyamaza mpaka nigundue. Mara moja nilimuuliza kwa nini tusichuje ile ya zamani kwa kitambaa tuitumie tena, maana nilisikia wengine wanafanya hivyo. Akasema, "Ukichuja, uchafu unatoka. Uchovu hautoki." Ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu, aliyesoma madarasa manne, alikuwa na elimu ambayo mimi na cheti changu hatukuwa nayo. Alikuwa ameiokota kidogo kidogo, kwa vidole na pua, na aliilinda kama wengine wanavyolinda shamba.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Same yalijaa. Barabara kuu ikawa na meza zilizopangwa makopo ya oili ya kila rangi. Tulifurahi, naye alifurahi, ila hakuacha kuwa makini. Alidondosha tone kwenye gazeti na kungoja. Tone likisambaa sawasawa alinunua. Likiacha kiini cheusi katikati alirudisha kopo na kusema kwa upole kabisa, "Hii imeshawahi kuzaliwa mara moja," yaani ni oili chakavu iliyochujwa na kurudishwa koponi.

Ruksa ile ile ilileta na kupunguzwa kazi. Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwemo. Gari letu liliuzwa kwa mnada, likatembea mpaka nje ya geti kwa nguvu zake lenyewe, na aliyelinunua alishangaa sauti ya injini. Dereva alisimama akalitazama likikata kona, akafuta mikono ingawa haikuwa na kitu. Mwezi haukuisha akafungua gereji ya mabati karibu na reli. Watu wakaanza kumwita fundi, nami pia.

Miaka ikapita. Nilipokaribia kustaafu nilijinunulia gari dogo lililotumika Japani. Lilikuwa safi, lina harufu nzuri, na kitabu chake kilikuwa chote cha Kijapani. Siku moja nikitoka kijiji cha Kifaru kumwona mgonjwa, taa ya njano ikawaka mbele yangu, yenye alama ya birika la oili. Nilikumbuka kona ya Myamba. Nilizima papo hapo, katikati ya barabara kuu, malori yakinipigia honi, nikatuma mtu kwa fundi.

Alikuja na pikipiki ya kukodi. Akapima oili, akasugua, akanusa. "Oili ipo na si mbaya sana," alisema. "Washa." Niliogopa. "Washa, sista. Ile ya zamani ilikuwa nyekundu. Nyekundu ni simama. Hii ya njano sijui inataka nini, lakini haipigi kelele."

Tulifika gereji, akamwaga oili, akatia mpya na filta mpya. Taa haikuzimika. Akaikagua nusu saa, kisha akasema neno ambalo mafundi wengi hawalisemi: "Hii siijui. Tutafute wa kutuambia."

Kwenye sekondari moja mjini kulikuwa na kijana wa Kijapani aliyejitolea kufundisha hesabu. Nilimpelekea kitabu, akaja nacho mwenyewe gerejini Jumamosi, akakaa juu ya tairi kuukuu na kuanza kusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno amelipima.

"Hapa inasema, taa hii inahesabu kilomita tu. Haioni oili. Ikifika kilomita zake, inawaka."

"Ndiyo maana haikuzimika," fundi alisema. "Haijui kama nimemwaga."

"Ndiyo. Ukimaliza kubadilisha, unabonyeza kitufe hiki, unawasha swichi, unashikilia mpaka izime. Inaanza kuhesabu upya." Alifunua ukurasa wa pili, akafuata mistari kwa kidole. "Na hapa chini: kama gari linapanda milima mara nyingi, kama kuna vumbi, kama linakwenda safari fupi na injini haipati joto, usisubiri taa. Badilisha oili kwenye nusu ya umbali."

Fundi aliweka spana chini. "Soma tena hapo."

Mwalimu akasoma tena.

"Ameandika nani?"

"Waliotengeneza gari."

"Wamewahi kufika huku?"

"Hapana."

"Basi na kwao kuna milima," fundi alisema. Mimi ndiye niliyemweleza mwalimu habari ya mistari mirefu, mifupi na nukta za posta. Yule kijana akainuka. Akauliza kama anaweza kuiona, na fundi akamwonyesha ukuta wa mabati ambako kila gari la mteja lilikuwa na safu yake ya chaki, pikapu ya Ugweno, teksi ya stendi, trekta la wamisionari. Mwalimu alitoa daftari akanakili, akiuliza nukta ngapi ni mstari mfupi, mifupi mingapi ni mrefu.

"Kuna magari mapya sasa," alisema alipomaliza, "kompyuta inafanya hesabu kama hii yako. Joto la injini, mzigo, umewasha mara ngapi. Halafu inaonyesha uhai wa oili kwa asilimia. Mia ni mpya. Inashuka, inashuka. Karibu na sifuri, badilisha."

Nilidhani fundi atabeza. Wazee wengi wa kazi wangebeza. Yeye alifikiri, akasema, "Wamefanya vizuri. Mimi naonyesha iliyotumika. Wao wanaonyesha iliyobaki. Mwenye gari anataka kujua iliyobaki."

Wiki iliyofuata nilipita gerejini. Alikuwa amefuta ukuta wote. Sasa kila gari lilianza na safu iliyojaa, na baada ya kila safari mwenye gari mwenyewe alikuja kufuta mistari yake kwa kitambaa. Alikuwa amebadili desturi ya maisha yake yote kwa sababu ya maneno ya Jumamosi moja.

Ndipo kikundi cha kina mama wa Ugweno kikamwita. Walikuwa wamenunua mashine ya kusaga baada ya ile ya kwanza kuungua, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka oili. Nilimpeleka mimi, tukapanda zile barabara zenye miteremko mikali kati ya migomba na kahawa. Mashine ilikuwa ndani ya kibanda kipya. Kina mama kama kumi walimzunguka, akawaonyesha kijiti cha kupimia, pa kumwagia na pa kutilia. Kisha akauliza swali ambalo naona alikuja nalo toka Same.

"Gari nahesabu safari zake. Hii haiendi popote, mama zangu. Mtajuaje oili imefika siku ya kumwagwa?"

Mmoja akasema mwezi ukiisha. Fundi akauliza, "Na mwezi wa njaa, msiposaga kitu?" Nyuma kabisa alikuwepo mwanamke wa makamo, mwembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kumimina mahindi ya wateja kwenye mashine. Hakuwa amesema lolote tangu tufike.

"Kwa madebe," alisema. "Kila debe linapita mikononi mwangu."

Fundi akamgeukia. "Na mahindi yakiwa hayajakauka?"

"Yale yanaikaba mashine, inalia. Debe lile nitalihesabu mara mbili."

"Na siku mteja amekuja na kisado tu, ukawasha, ukazima?"

Mwanamke alifikiri. "Si inakuwa haijapata moto? Hicho nacho nitakihesabu. Au nitamwambia asubiri wenzake waje, tusage pamoja."

Fundi alivua kofia. Sikuwahi kumwona akiivua ndani ya nyumba wala nje. Aliwaambia kina mama kwamba hakuwa na zaidi ya kuwafundisha, na kwamba ufunguo wa kibanda akae nao huyu. Wakapiga vigelegele, na yule mwanamke akainamisha uso kwenye kanga kwa aibu.

Tukiteremka kwenda Same hakuzungumzia kitu kingine. "Sista, ulimsikia? Kusubiri wenzake wasage pamoja. Mimi nimekaa na injini tangu ujana, hilo la kuwakusanya wateja sikuliwaza." Akageuka kutazama nyuma, juu kule tulikotoka, akatikisa kichwa akitabasamu, na kabla hatujafika barabara kuu alikuwa amenisimulia tena yote tangu mwanzo.